Mizani Iliyomo Ndani ya Damu

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola aliyemuumba mwanadamu kutokana na tone dhalili, kisha akamlinganisha viungo vyake, akampa masikio na macho na moyo wa kufahamu. Tunamhimidi, tunamtaka msaada na tunamwomba maghufira. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke Yake, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na masahaba wake, na kila aliyefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya haya. Ndugu Waislamu mliohudhuria, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani, tunakuusieni, na tunaanza kwa kuziusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Katika Sura ya Adh-Dhaariyaat Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametutajia dalili zilizomo ardhini kwa wenye yakini, kisha akatuelekeza kwenye zile zilizomo ndani ya nafsi zetu, akatuuliza kama hatuzioni. Leo tumeazimia kuzitazama dalili mbili katika hizo: damu inayozunguka miilini mwetu, na tezi zinazoikabidhi damu hiyo amri za kupeleka. Hatuzitazami kwa ajili ya kustarehesha masikio. Tunazitazama kwa kuwa mwezi mtukufu wa Ramadhani huja kila mwaka, na kila mwaka wako wagonjwa wanaodhurika, na pengine kufa, kwa sababu wao au jamaa zao hawakuijua mizani aliyoiweka Mola ndani ya damu.

Tuanze na moyo. Moyo wa mtu mzima ni kadiri ya ngumi yake mwenyewe, nao umewekwa kifuani baina ya mapafu mawili, umeelemea kidogo upande wa kushoto. Ndani yake mna vyumba vinne, viwili kulia na viwili kushoto, na baina ya pande hizo upo ukuta wa nyama. Njia za kutokea katika kila chumba zina milango myembamba inayofunguka upande mmoja tu, hata damu iliyokwisha kupita isirudi ilikotoka. Upande wa kulia huipeleka damu mapafuni ikapate hewa safi. Upande wa kushoto huipokea damu iliyokwisha kutakasika na kuisukuma mwili mzima, tangu utosini hata nyayoni.

Kwa mtu aliyetulia, moyo hupiga kiasi cha mara 70 kwa dakika, yaani kiasi cha mara 100,000 kwa usiku na mchana. Damu yote ya mtu mzima ni kiasi cha lita 5, na moyo huzungusha lita kama hizo kila dakika. Hesabuni, enyi wanafunzi: kwa siku moja moyo husukuma zaidi ya lita 7,000, kiasi cha kujaza mapipa 35 ya lita 200. Ni nani katika sisi angeweza kuteka maji ya mapipa 35 kila siku, kwa miaka 60, bila ya kupumzika hata saa moja? Na moyo huifanya kazi hiyo nasi tumelala, wala hatukuuamrisha.

Jambo hili la safari ya damu lina historia ambayo kila nyumba ya Kiislamu ingefaa kuijua. Kwa karne nyingi matabibu walishika kauli ya Galen, mganga mkubwa wa zama za Warumi, kwamba damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo hadi wa kushoto kwa matundu yasiyoonekana yaliyomo katika ule ukuta wa katikati. Mtu wa kwanza anayejulikana kuikanusha kauli hiyo kwa maandishi ni Ibn al-Nafis, aliyesomea utabibu Damascus katika nchi ya Sham, akahamia Cairo, na huko akafariki mwaka 1288. Mwaka 1242, katika sherehe aliyoiandika juu ya maelezo ya viungo katika kitabu cha Ibn Sina, alisema wazi kwamba ukuta ule ni mzito na hauna matundu. Kwamba damu haina budi kutoka upande wa kulia, ipite mapafuni, ichanganyike na hewa, kisha ndipo irudi upande wa kushoto. Hayo aliyasema karibu miaka 400 kabla ya William Harvey wa Uingereza kuubainisha mzunguko wa damu wa mwili mzima, mwaka 1628. Na mwaka 1661 Marcello Malpighi wa Italia aliviona kwa hadubini vile vishipa vyembamba mno vinavyoiunganisha mishipa itokayo moyoni na mishipa irudiyo.

Lakini hatumtaji Ibn al-Nafis kwa ajili ya kujifakhirisha. Utukufu wa waliopita hauponyi mgonjwa wa leo. Tunamtaja kwa sababu moja: mtu huyu alikuwa tabibu, na papo hapo alikuwa mwanachuoni wa fiqhi katika madhehebu ya Imamu Shafii, madhehebu tunayoyafuata wengi wetu katika pwani hii. Elimu ya mwili na elimu ya sharia zilikaa katika kifua kimoja na zisigombane. Basi likumbukeni hilo, kwani tutalirejea.

Ndugu Waislamu, damu ina kazi mbili. Ya kwanza inajulikana na wengi: hubeba hewa, chakula na maji, ikavifikisha kila pembe ya mwili, kisha ikachukua takataka na kuzipeleka zinakotolewa. Ya pili wengi wameghafilika nayo: damu hubeba ujumbe. Mwilini mna tezi, nazo ni viungo vidogo vinavyotengeneza dutu maalumu na kuimimina ndani ya damu. Mwaka 1905 mtaalamu wa Uingereza, Ernest Starling, alizipa dutu hizo jina la homoni, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuchochea au kuamsha.

Mfano wa homoni ni mfano wa mpiga mbiu apitaye mtaani akitangaza jambo. Watu wote husikia sauti yake, lakini huitika na kuondoka yule tu aliyetajwa jina. Kadhalika homoni hupita pamoja na damu mbele ya kila kiungo, na kiungo kisichohusika huiacha ipite; kile kilichoumbwa kuipokea huitika mara moja. Ipo tezi chini ya ubongo, kadiri ya punje ya mbaazi, nayo huziamrisha tezi nyingine kadhaa. Ipo tezi ya shingoni, inayoongoza kasi ya kazi za mwili mzima, nayo haifanyi kazi yake ila ipate madini joto kidogo katika chakula. Ikiyakosa huweza kuvimba, ikawa rovu. Zipo tezi mbili zilizovishwa juu ya figo mfano wa kofia. Hizo ndizo zimwagazo adrenalini pale mtu anaposhtuka, moyo ukaenda mbio, mikono ikatetemeka, jasho likatoka.

Na iko kongosho. Hii imelala nyuma ya tumbo la chakula, urefu wake kiasi cha sentimita 15, na ndani yake mna visiwa vidogo vidogo vya chembe zinazoshika mizani ya sukari. Hapa ndipo tunapowaomba mtege masikio.

Sukari iliyoyeyuka katika damu yote ya mtu mzima mwenye afya, kabla hajala, ni kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Hiyo tu! Na ubongo peke yake hutumia kiasi cha gramu 120 kwa siku. Lau pasingekuwa na hazina mahali pengine, sukari ile ya damuni isingeutosha ubongo hata kwa saa moja na nusu. Basi mtu alapo, sukari hupanda, na kongosho humimina insulini. Insulini hugonga milango ya chembe za mwili ili sukari iingie, na huliamrisha ini kuweka akiba. Saa zikipita bila ya chakula, insulini hupungua, na kongosho hutoa mjumbe wa pili, aitwaye glukagoni, ambaye huliambia ini lifungue ghala na kuirudisha sukari katika damu. Mjumbe mmoja huteremsha, mwingine hupandisha, na baina yao mizani hukaa sawa. Ni kama nahodha hodari katika bahari ya kusi: mkono mmoja hulegeza demani, mwingine hushika usukani, na abiria aliyelala hajui kwamba chombo kimeyumba mara mia.

Sasa mwangalieni Mwislamu mwenye afya aliyefunga. Amekula daku, akatia nia, akasali Alfajiri. Asubuhi mwili wake hutumia kile alichokula. Mchana insulini hushuka, glukagoni hupanda, ini hufungua hazina yake, na pole pole mwili huanza kuyatumia mafuta uliyojiwekea. Wakati huo huo ubongo hupeleka homoni nyingine kwenye figo, ikaziamrisha zizuie maji. Figo huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, na karibu yote huyarejesha mwilini, ikatoka lita moja au mbili tu ya mkojo. Katika saumu hutoka kidogo zaidi, na rangi yake hukolea. Kila mwenye kufunga amewahi kuliona hilo, bila ya kujua ni amri iliyopita katika damu yake. Kwa hivyo Mola aliyetufaradhishia saumu ndiye aliyeuumba mwili unaoiweza. Katika Sura ya Ar-Rahman ametutajia kwamba ameweka mizani, na akatukataza kuidhulumu. Na mizani za sokoni na mizani za mbinguni anayezishika ni Yeye, naye ndiye aliyezitia mizani hizi ndani ya mishipa yetu.

Tunasema kauli hii, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwingi wa kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha sharia kwa rehema na asimkalifishe mtu ila kwa kiasi cha uwezo wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, yote tuliyoyataja yanamhusu mtu ambaye mizani yake ni nzima. Lakini wako miongoni mwetu ambao mizani hiyo imeharibika. Kongosho imeacha kutoa insulini, au inaitoa lakini mwili hauitiki ipasavyo. Maradhi hayo ndiyo tunayoyaita kisukari. Kabla ya karne moja iliyopita, mtoto aliyepatwa na aina yake kali hakuwa na matumaini ila kusubiri mauti. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best, pamoja na wenzao wawili, walifaulu kuitoa insulini katika kongosho za wanyama, na Januari mwaka 1922 akadungwa kijana wa miaka 14 aliyekuwa taabani, naye akapata nafuu. Wengi hutuuliza kama dawa hiyo hutokana na nguruwe. Zamani ilikuwa hivyo kwa baadhi yake. Lakini tangu mwaka 1982 imepatikana insulini iliyo sawa na ya binadamu, inayotengenezwa kwa kutumia vijidudu, na leo iliyo nyingi ni ya namna hiyo.

Mtu wa namna hii, asubuhi anapojidunga sindano au kumeza vidonge, ameingiza mwilini amri ya kuteremsha sukari, na amri hiyo haina nahodha wa kuilegeza. Chakula kisipoingia, dawa huendelea kuteremsha, na sukari huweza kushuka mpaka ubongo ukose riziki yake. Hapo mwili hupiga yowe kwa adrenalini: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio. Kisha mtu huchanganyikiwa, akasema maneno asiyoyajua, akaweza kuzimia, na asipowahiwa akafa.

Ndugu zetu, tutakuhadithieni jambo ambalo si jepesi kwetu kulitaja juu ya mimbari, lakini kulificha ni kosa la pili.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kumi la kati la Ramadhani, tulikuwa tumekaa barazani baada ya sala ya Alasiri pamoja na mzee mmoja wa mtaa wetu, mtu wa safu ya kwanza, asiyejulikana kwa hasira wala kwa maneno mabaya. Alikuwa na kisukari, akijidunga sindano kila siku. Tabibu wake alimkataza kufunga, lakini mzee aliona haya kuonekana anakula mchana, akafunga kwa siri ya tabibu, na alfajiri akajidunga kadiri ile ile ya siku zote. Ilipobakia nusu saa hivi kufika Magharibi, jasho lilimtoka mpaka kanzu ikamganda mwilini. Mikono ikatetemeka. Kisha akaanza kumtukana aliyekaa karibu naye. Mmoja wetu akasema ni ukali wa njaa, mwingine akasema ni shetani, wa tatu akaanza kumsomea.

Mjukuu wake, mwanafunzi wa sekondari, akatoka ndani na kikombe cha maji aliyoyakoroga sukari nyingi. Nasi ndio tuliomzuia mlangoni. Tulimwambia: "Mwanangu, zimebaki dakika ishirini tu. Mwache babu yako aimalize saumu yake."

Binti yule akainamisha kichwa kwa adabu, lakini kikombe hakukiweka. Akasema: "Niwieni radhi, wazee wangu. Sukari imemshuka. Dakika ishirini huenda asizifikie."

Akapita katikati yetu, akamshika babu yake, akamnywesha kidogo kidogo naye angali na fahamu za kumeza. Haikupita robo saa, jasho likakauka, mzee akatutambua mmoja mmoja, akauliza amesema nini. Adhana ilipoadhiniwa alikuwa akilia. Hakulilia maradhi yake; alililia kwa kuwa saumu yake imevunjika zikiwa zimesalia dakika chache.

Usiku ule, baada ya Tarawehe, tulikwenda kwake. Tulimwambia kwamba yeye amechukua ruhusa aliyopewa na Mola wake, na kwamba wanaopaswa kutubu ni sisi tulioketi na elimu yetu pale barazani. Kwani tuliyajua yote. Tuliijua aya ya Sura ya Al-Baqara inayompa mgonjwa na msafiri ruhusa ya kula, wakalipa siku nyingine. Tuliijua aya ya sura hiyo hiyo inayotukataza tusijitie wenyewe katika maangamizo. Tulizisoma kila mwaka, na siku zilipohitajiwa hatukuziona.

Wala si sisi wa mwanzo. Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir (R.A.) kwamba katika safari mmoja wa masahaba alipigwa na jiwe akapasuka kichwa, kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hapana, madhali maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika; akawahesabu wale waliomfutu kuwa ndio waliomuua, na akafundisha kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Tazameni, ndugu zetu: watu wale walitaka kuilinda ibada. Nia yao haikuwafaa kitu mbele ya roho iliyotoka. Na sisi pale mlangoni tulikuwa hatua moja tu kufika walikofika wao.

Basi enyi waumini, tunakuusieni mambo machache, myashike majumbani mwenu.

La kwanza, mwenye kisukari, maradhi ya moyo, ya figo au shinikizo la damu asingoje mwezi uandame. Amwendee tabibu mwezi mmoja au miwili kabla ya Ramadhani. Wako wagonjwa wanaoweza kufunga kwa kubadilishiwa dawa na saa za kuzitumia, na wako ambao kufunga kwao ni hatari. Kuwatenganisha ni kazi ya tabibu. Si kazi ya jirani, wala ya khatibu. Wala mtu asijipunguzie dawa wala kuziacha kwa rai yake. Mgonjwa wa kisukari anayeiacha insulini kwa ajili ya saumu huweza kupandwa na sukari, ikamtoka maji kwa mkojo, damu ikachafuka, akafa kwa mlango wa pili. Na mwenye shinikizo la damu asidanganyike kwa kuwa hasikii maumivu. Maradhi hayo mara nyingi hayana sauti mpaka mshipa upasuke.

La pili, kupima sukari kwa tone la damu ya kidoleni hakufunguzi. Majmau ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, katika kikao chake cha 10 mjini Jeddah mwaka 1997, ilikata kwamba sindano za dawa zisizo za lishe hazibatilishi saumu, wala damu inayotolewa kwa ajili ya vipimo. Kwa hivyo mgonjwa aliyeruhusiwa kufunga apime mchana bila ya wasiwasi. Ikiwa sukari imeshuka chini ya 3.9, au imepanda juu ya 16.6, kwa kipimo cha milimoli katika lita, matabibu huagiza afungue hapo hapo, hata kama muadhini ameshika ngazi ya mnara. Asiye na kipimo afuate dalili: jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa. Anywe maji ya sukari au sharbati, kisha ale.

La tatu, mkimkuta mgonjwa amekwisha kuzimia, msimmiminie kitu kinywani, kwani kitaingia njia ya pumzi kikamuua. Mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali, na mwambieni tabibu kwamba ana kisukari. Watoto wenu wafundisheni hayo. Huenda siku moja mwenye kujua nyumbani akawa ni mdogo kuliko wote.

La nne, asiyetarajiwa kupona, ambaye kufunga kumemshinda kabisa, hana deni la siku. Atatoa fidia, kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku moja. Na ambaye anatarajia kupona atalipa akipona. Hapana aibu katika hayo. Mwenye kumwona mgonjwa anakula mchana wa Ramadhani amfichie siri yake na amdhanie vyema.

La tano linawahusu wazima. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu: moja la chakula, moja la kinywaji na moja la pumzi. Lakini sisi huishinda njaa ya mchana kutwa, kisha tukashindwa na sinia la futari. Tende tatu na maji zinatosha kufungulia. Baada yake huja uji uliotiwa sukari, kaimati zilizochovywa shira, sharbati, mkate wa kumimina, kisha wali. Kongosho iliyopumzika mchana hutwishwa kwa saa moja mzigo wa siku nzima. Kinamama ndio wenye funguo za jambo hili, nao tunawaomba watuhurumie kwa kutupunguzia. Na kinababa wasiwalaumu wakipunguza.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mwili ni amana. Hatukuuumba, hatukuununua, na tutaulizwa juu yake. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kuhusu kujitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawaeleza kwamba Mola hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Basi atumiaye dawa hakutoka katika tawakali, na aliyekula kwa ruhusa ya Mola wake hakutoka katika utiifu. Mola aliye karibu nasi kuliko mshipa wa shingo anaijua nia iliyomo ndani ya moyo, na anaijua damu ipitayo ndani yake.

Ewe Mola wetu, tupe elimu yenye kunufaisha, na utuepushe na kutoa fatwa katika tusiyoyajua. Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, na uwape subira wanaowauguza. Wajaalie matabibu wetu na wauguzi wetu ikhlasi katika kazi yao. Wabariki watoto wetu wanaosoma, uwafanye watukumbushe tunaposahau, na utupe sisi wazee unyenyekevu wa kuwasikiliza. Ewe Mola wetu, utufikishe Ramadhani tukiwa salama, na uzikubali saumu za waliofunga na nyudhuru za walioshindwa. Warehemu wazee wetu waliotangulia, na uujaalie mwisho wetu uwe mwema.

Amin, yaa Rabbal-aalamin. Simameni kwa ajili ya sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.